Kucheza gemu kwenye Linux: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyajibu mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niyaweke mahali pamoja. Mengi yanaonekana ni ya gemu, lakini ukiyachokonoa kidogo unakuta ni ya namna programu inavyotoka kwa aliyeitengeneza mpaka ikafika kwenye diski yako, na nani amebeba maktaba inazozitegemea njiani, yaani vipande vya msimbo vinavyotumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Ndiyo maana ukurasa huu unazungumzia vifurushi, yaani programu zilizofungwa tayari kwa kusakinishwa, karibu sawa na unavyozungumzia gemu zenyewe.

Hivi gemu za Windows zinachezeka kweli kwenye Linux, au ni maneno ya mashabiki?

Zinachezeka. Gemu ya mchezaji mmoja, hata kama imetoka juzi, naanza kwa kudhani itafunguka, na ni mara chache naaibika. Zinazogoma ni hasa za mashindano ya mtandaoni. Hizo zina swali lake huko chini.

Zamani haikuwa hivi. Wine, programu inayoendesha programu za Windows kwenye Linux, ilianza mwaka 1993, na kwa miaka mingi kucheza gemu kwa Wine ilikuwa kazi ya jioni nzima: unasakinisha hiki, unabadilisha kile, mwishowe sauti inatoka lakini picha haitoki. Mambo yaligeuka Agosti 2018, Valve ilipoingiza Proton, yaani Wine iliyoandaliwa kwa gemu, ndani ya Steam, duka lake la gemu. Tangu hapo unabofya kitufe cha kusakinisha kama anavyobofya mtu wa Windows. Februari 2022 ikaja Steam Deck, kifaa cha mkononi kinachotumia Linux, na watengenezaji ambao hawakuwahi kuijali Linux wakaanza kuzijaribu gemu zao humo, maana sasa kuna wateja wanaolalamika. Oktoba 2025, mwezi uleule Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma, Linux ilivuka asilimia 3 katika takwimu za watumiaji wa Steam.

Proton ni nini hasa? Ni kompyuta ya Windows ndani ya kompyuta yangu?

Hapana. Jina Wine lenyewe ni kifupisho cha sentensi inayokana jambo hilo: "Wine Is Not an Emulator", yaani Wine si kiigaji. Gemu ya Windows ni maelekezo kwa prosesa, na prosesa yako ni ileile iwe unatumia Windows au Linux. Tatizo linaanza pale gemu inapohitaji huduma kutoka kwenye mfumo endeshi: nifungulie faili hili, nitolee sauti hii, nichoree pembetatu hizi elfu hamsini. Linux haizijui huduma hizo kwa majina ya Windows. Wine inasimama katikati, inapokea maombi hayo na kuyatimiza kwa njia za Linux.

Upande wa picha una wataalamu wake. DXVK inageuza Direct3D (lugha ya kuchora picha ya Windows) ya 8 hadi 11 kuwa Vulkan, ambayo Linux inaielewa, na VKD3D-Proton inafanya hivyo kwa Direct3D 12. Proton ni Wine pamoja na hizi mbili na marekebisho mengi ya gemu mojamoja, vyote vikiwa vimefungwa pamoja na kujaribiwa pamoja. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo watu wanaisahau. Vipande vilikuwepo tayari, ila mtumiaji ndiye aliyeachiwa kuviunganisha.

Ukitaka kuiona kazi yake kwa macho, ingia kwenye folda ya Steam, kisha steamapps, kisha compatdata. Utakuta folda zenye majina ya namba tupu, kila gemu na namba yake. Fungua mojawapo, ingia pfx, na hapo ipo drive_c: kuna Program Files, kuna windows, kuna users na ndani yake mtu anayeitwa steamuser. Ni Windows ya kuchora tu, lakini gemu imeridhika. Angalizo: gemu nyingi huhifadhi maendeleo yako humo humo. Nimewahi kufuta folda ya namba ili gemu ianze upya, nikafuta na saa arobaini za mchezo ambao haukuwa na nakala mtandaoni.

Kwa nini gemu yenye toleo la Linux wakati mwingine inakwenda vizuri zaidi nikiilazimisha itumie Proton?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Kwenye Linux kuna utani kwamba kiolesura pekee kisichobadilika ni kile cha Windows. Chukua gemu iliyotengenezwa kwa ajili ya Linux mwaka 2014. Aliyeitengeneza aliiunganisha na maktaba za siku hizo, toleo hili la OpenSSL, toleo lile la libcurl. Halafu akaondoka, studio ikafungwa au ikahamia mradi mwingine. Distro zenyewe, yaani matoleo ya Linux kama Ubuntu, Debian na Fedora, hazikusimama. Ziliendelea kusasisha maktaba na kuziondoa za zamani. Leo ukiifungua gemu ile inatafuta faili ambalo halipo, inakufa bila kusema neno. Toleo la Windows la gemu hiyohiyo bado linazungumza na Windows ileile ya zamani, na Wine inaendelea kulijibu.

Programu huria haina shida hii kwa sababu distro ina msimbo wake na inaweza kuijenga upya kila maktaba zinapobadilika. Gemu ya kibiashara inakuja ikiwa imeshapikwa, hakuna wa kuipika tena. Mfumo mzima wa vifurushi vya Linux ulijengwa ukidhani kwamba msimbo upo. Gemu zikaja bila msimbo.

Valve walilijibu hilo kwa kuzipa gemu maktaba zisizobadilika, kitu kinachoitwa Steam Runtime. Ya kwanza, scout, ilitokana na Ubuntu 12.04, kisha soldier iliyotokana na Debian 10, na sniper iliyotokana na Debian 11. (Majina hayo ni ya wahusika wa Team Fortress 2.) Gemu inafunguliwa ndani ya kontena, inaona maktaba hizo badala ya zako, huku draiva za kadi ya grafiki zikichukuliwa kutoka kwenye mfumo wako. Kama gemu ya Linux inagoma, kabla ya kukimbilia Proton, fungua sifa zake kwenye Steam, upande wa utangamano, uichagulie Steam Linux Runtime. Mara nyingi inatosha.

Kabla ya Steam watu walikuwa wanapataje gemu?

Kwa CD, na kwa uvumilivu. Loki Software, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, ilikuwa ikinunua haki za kuhamishia gemu za Windows kwenye Linux na kuziuza kwa maboksi. Ilifungwa mapema mwaka 2002. Iliacha urithi mkubwa kuliko mauzo yake: maktaba ya SDL, ambayo Sam Lantinga aliianza mwaka 1998 akafanya kazi nayo pale Loki, na ambayo hadi leo inashughulikia dirisha, sauti na padi katika gemu nyingi mno. Steam yenyewe ilifika Linux rasmi Februari 2013.

Apt, dnf, pacman, Flatpak, Snap, AppImage. Zote hizi za nini?

Jiulize swali moja kwa kila njia: maktaba amezibeba nani?

Apt, dnf na pacman ni za kundi moja. Debian na Ubuntu wanatumia apt, Fedora dnf, Arch pacman. Hapo distro ndiyo imebeba maktaba, na programu zote kwenye mashine zinazitumia kwa pamoja. Faida yake ni kwamba kasoro ya usalama ikirekebishwa kwenye maktaba moja, imerekebishwa kwa wote. Hasara ni kwamba programu mbili zinazotaka matoleo tofauti ya kitu kimoja zinagombana, na unachokipata ni toleo ambalo distro imeamua kukupa. Kwenye Debian thabiti toleo hilo linaweza kuwa la miaka miwili iliyopita.

Flatpak inabeba maktaba kwa mafungu. Programu inasema nategemea fungu fulani, la GNOME au la KDE au la Freedesktop, na fungu hilo linapakuliwa mara moja na kushirikiwa na programu zote zinazolihitaji. Ndiyo maana programu yako ya kwanza ya Flatpak inavuta mamia ya megabaiti na ya tano inavuta kidogo tu. Programu hizi zinaishi ndani ya uzio: haziwezi kuona kila folda mpaka uziruhusu. Ghala lake kuu ni Flathub.

Snap ni ya Canonical, kampuni ya Ubuntu. Nayo inafungia programu ndani ya uzio, inajisasisha yenyewe, na duka lake ni moja tu, linaloendeshwa na Canonical. Wapo wanaoipenda. Kwa gemu mimi siitumii.

AppImage ni faili moja lenye karibu kila kitu ndani. Unalipakua, unaliruhusu liendeshwe, unalibofya. Zuri kwa emuleta (programu zinazoiga mashine za gemu za zamani) na vifaa vidogo. Likigoma kimya kwenye Ubuntu ya 22.04 au mpya zaidi, huenda linataka libfuse2, ambayo haisakinishwi tena na mfumo wenyewe.

Basi Steam niisakinishe kwa njia ipi?

Kutoka kwenye ghala la distro yako kama ipo, la sivyo Flatpak kutoka Flathub. Kuna kisa kimoja cha njia ya kwanza ambacho kila mtu anapaswa kukijua.

Mwaka 2021 mtu mmoja maarufu wa YouTube alisakinisha distro ya Pop!_OS mbele ya kamera, akataka kuweka Steam. Siku hizo kifurushi cha Steam kilikuwa kimegongana na maktaba zilizokuwapo, na njia pekee apt iliyoiona ya kutimiza ombi ilikuwa kuondoa eneokazi zima. Ikamwambia hivyo, kwa maandishi marefu, ikamtaka aandike sentensi kamili kuthibitisha: "Yes, do as I say!" Akaiandika. Kompyuta ikarudi na skrini nyeusi yenye maandishi tu. Watu wengi walimcheka, jambo ambalo sikuliona la haki, kwa kuwa yeye aliomba gemu, hakuomba kusoma orodha ya vifurushi mia. Baadaye apt ilifanywa kuwa ngumu zaidi kuondoa vifurushi muhimu kwa namna hiyo. Hata hivyo tabia inabaki ileile: ukiona orodha ya vitu vitakavyoondolewa ni ndefu kuliko ya vitakavyowekwa, jibu hapana.

Flatpak ya Steam haiwezi kukufanyia hivyo, kwa kuwa haigusi maktaba za mfumo. Kero yake ni uzio. Ukiwa na gemu kwenye diski ya pili, Steam haitaiona mpaka uandike, kwa mfano:

flatpak override --user --filesystem=/mnt/gemu com.valvesoftware.Steam

Badilisha njia ya folda iwe yako. Kama hupendi terminali, programu ya Flatseal inafanya jambo hilohilo kwa vitufe.

Mbona inavuta maktaba za biti 32 wakati kompyuta yangu ni ya biti 64?

Kwa sababu gemu nyingi za zamani ni za biti 32 na zitabaki hivyo milele. Juni 2019 Canonical ilitangaza kuacha vifurushi vya biti 32 kuanzia Ubuntu 19.10, Valve ikajibu kwamba basi haitaipendekeza tena Ubuntu hiyo kwa Steam. Ndani ya siku chache Canonical ikalegeza msimamo. Mwaka 2025 pendekezo kama hilo lilitolewa Fedora, nalo likaondolewa baada ya kelele. Wine kwa upande wake imepata namna ya kuendesha programu za Windows za biti 32 bila maktaba za Linux za biti 32, kwa hiyo siku ya kuziacha itafika, polepole.

Distro gani nzuri kwa gemu?

Watu wanapoteza wiki nzima kwa swali hili. Kinachohusu gemu ni umri wa kerneli (kiini cha mfumo endeshi) na wa Mesa, yaani draiva za picha za AMD na Intel. Kadi yako ikiwa ya miaka mitatu au zaidi, distro yoyote kubwa inatosha. Ikiwa imetoka juzi, tumia Fedora au kitu cha familia ya Arch, kwa sababu Debian thabiti inaweza isiijue kabisa. Ukitaka kitu kilichoandaliwa tayari, Bazzite imejengwa juu ya Fedora na CachyOS juu ya Arch.

Nina kadi ya NVIDIA. Nina matatizo?

Una hatua moja ya ziada. Draiva za AMD na Intel zimo ndani ya kerneli na Mesa, hazihitaji uzitafute. Ya NVIDIA unaisakinisha kando, na uichukue kwenye ghala la distro. Ukichukua faili la .run kutoka kwenye tovuti yao, meneja wa vifurushi hajui kwamba lipo, na kerneli ikibadilika unaweza kubaki na skrini nyeusi.

Ukichanganya NVIDIA na Flatpak kuna mtego mmoja. Ndani ya uzio wa Flatpak kuna nakala yake ya draiva, na toleo lake lazima lilingane kabisa na la nje. Umesasisha mfumo, hukusasisha Flatpak, ghafla gemu inakwenda fremu mbili kwa sekunde. Ukiangalia jina la kadi kwenye MangoHud, programu inayoonyesha takwimu juu ya gemu, unakuta limeandikwa llvmpipe: maana yake prosesa ndiyo inayochora, kadi imekaa bure. Andika flatpak update, funga, fungua tena.

Gemu za mtandaoni zinagoma. Kosa ni la nani?

Mara nyingi ni uamuzi, si kosa. Gemu hizi zina mfumo wa kuzuia udanganyifu. Miwili inayotumika sana, Easy Anti-Cheat na BattlEye, inaweza kufanya kazi kwa Proton tangu 2021, ila mwenye gemu lazima aruhusu. Wengine wameruhusu. Wengine, kama Fortnite, wamekataa. Apex Legends iliruhusu, kisha mwishoni mwa Oktoba 2024 ikafunga mlango, ikitoa sababu kwamba Linux imekuwa njia ya wadanganyifu. Valorant inatumia mfumo unaokaa ndani kabisa ya kerneli ya Windows, na kwenye Linux hakuna kerneli hiyo.

Hakuna amri ya siri itakayokusaidia hapa. Anayekuambia ipo anakutafutia kufungiwa akaunti. Kabla ya kulipa, angalia tovuti ya Are We Anti-Cheat Yet, na kwa gemu nyingine zote ProtonDB, ambako wachezaji wanaandika gemu gani imewakubali, kwa kadi gani, na kwa marekebisho gani. Soma taarifa za miezi ya karibuni tu.

Jana ilifanya kazi, leo nimesasisha mfumo imekufa. Nani aliyeivunja?

Si lazima iwe ni wewe. Chukua mfano huu: Agosti 2022 ilitoka glibc 2.36, maktaba ambayo karibu kila programu ya Linux inaiegemea. Waliojenga toleo hilo waliondoa jedwali la zamani la majina liitwalo DT_HASH ndani ya mafaili yake, wakaacha lile jipya lenye kasi zaidi, lililokuwapo tangu 2006. Kwa mantiki yao jedwali la zamani lilikuwa mzigo tu. Kumbe Easy Anti-Cheat ilikuwa ikilisoma lile la zamani. Waliosasisha Arch asubuhi wakakuta gemu zao za mtandaoni hazifunguki jioni. Baadhi ya distro zililirudisha jedwali hilo zenyewe, na mjadala wa nani alikosea ulichukua muda mrefu kuliko ukarabati.

Unachoweza kufanya wewe: kwenye Steam, rudi kwenye toleo la Proton la awali kupitia sifa za gemu. Kwenye distro kama Bazzite, unawasha kompyuta kwa nakala ya mfumo ya jana. Kwenye distro za kawaida, weka mazoea ya kuhifadhi nakala ya hali ya diski (snapshot) kabla ya sasisho kubwa.

Gemu zangu ziko Epic na GOG, siyo Steam.

Heroic Games Launcher inafungua gemu za maduka yote mawili, na ipo Flathub. Lutris inakusanya kila kitu, zikiwemo emuleta. GOG pia wanauza baadhi ya gemu zenye toleo la Linux kama faili moja la .sh: unaliruhusu liendeshwe, unalifungua, linasakinisha kwenye folda yako bila kumwuliza meneja wa vifurushi. Hii ina maana kwamba apt haitakusaidia kuiondoa. Tumia faili la kusanidua lililomo ndani ya folda ya gemu.

Naweza kutumia folda ya gemu iliyo kwenye diski ya Windows?

Kusoma utasoma. Kucheza, utajuta. Ndani ya pfx kuna viungo vyenye majina kama c: na z:, na alama ya nukta mbili hairuhusiwi kwenye majina ya NTFS, mpangilio wa diski wa Windows. Pakua upya kwenye diski ya ext4 au Btrfs, mipangilio ya Linux.

Na gemu za programu huria?

Hizi ndizo zinazofaidi vifurushi vya distro kwa ukamilifu: 0 A.D., SuperTuxKart, Battle for Wesnoth, Xonotic, na Luanti ambayo hadi 2024 iliitwa Minetest. Andika apt install na jina, basi. Zikiwa za kucheza mtandaoni, chukua ya Flathub, kwa kuwa seva huwa zinataka toleo jipya.

Kuna kundi la katikati linalovutia: injini ni huria, lakini picha na sauti ni mali ya mtu. OpenTTD ilianza hivyo, ikidai mafaili ya gemu ya awali, mpaka watu wakachora picha na kutunga sauti mbadala. Debian ina kifaa kiitwacho game-data-packager: unakipa CD au folda ya gemu uliyoinunua, kinakutengenezea kifurushi halali cha .deb kwa matumizi yako mwenyewe.

Naweza kuamini AUR, au zile amri za kunakili na kubandika?

AUR ni ghala la watumiaji wa Arch, yeyote anaweza kuweka kitu. Julai 2025 viliondolewa humo vifurushi vitatu vilivyojifanya marekebisho ya vivinjari, kumbe vilikuwa na programu ya kudhibiti kompyuta yako kwa mbali. Soma PKGBUILD, faili la maelekezo ya kujenga kifurushi, kabla ya kukubali. Kwa kawaida ni mistari michache. Anwani ya kupakulia ikiwa haihusiani na mwenye mradi, acha.

Nikikwama, niombeje msaada?

Kwanza, usiandike "haifanyi kazi". Kwenye Steam, fungua sifa za gemu, na kwenye chaguo za uzinduzi andika:

PROTON_LOG=1 %command%

Fungua gemu, iache ife, kisha nenda kwenye folda yako ya nyumbani. Utakuta faili linaloanza na steam- likifuatiwa na namba ya gemu. Libandike lote, usikate mistari ya mwisho. Ongeza jina la distro, kadi na toleo la draiva, toleo la Proton, na kama Steam yako ni ya Flatpak, ya Snap au ya ghala la distro. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huisahau, nami huwa naiuliza kabla hata sijalifungua faili.